Saa ya Makame na Jua la Shilzi

Nimo edani, na mwanamke aliyemo edani hana pa kwenda ila nyuma alikotoka. Chumba ni hiki hiki nilichoingia bibi harusi, dari ile ile ya boriti, dirisha lile lile linalotazamana na la jirani kwa karibu hata tukapeana chumvi bila ya mtu kuteremka ngazi. Wageni washapungua. Siku za matanga walijaa mpaka ngazini, sasa wanakuja mmoja mmoja, wananipa mkono, wananiuliza kama nimekula, wanakwenda zao. Juzi mjukuu wangu aliyeko Kanada kanipigia simu, hii ya kuonana nyuso, na baada ya shikamoo neno lake la kwanza likawa, "Bibi, huko saa ngapi?" Nyuma yake naona theluji imeganda kwenye dirisha, kwao asubuhi, mwenyewe bado kavaa nguo za kulalia. Nyuma yangu mimi jua linamalizikia ukutani na muadhini anakohoa kwenye kipaza sauti, yuko tayari kuadhini. Nikacheka. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, mtoto akadhani msiba umenipanda kichwani. Nikamwambia hapana mwanangu, nimemkumbuka babu yako na tende zake, na namna alivyotutangaza mji mzima. "Alifanya nini?" akaniuliza. Kumbe hajui. Hata mama yake hajui vizuri, kajua nusu nusu. Basi nikaona niandike, kwa hati hii ya Kiarabu niliyofunzwa chuo cha Kurani, maana skuli nilikwenda kidogo tu nikatolewa. Asiyeiweza hati yangu atatafuta wa kumsomea.

Nasaba yangu na ya marehemu mume wangu Makame naiacha. Wanaotujua wanatujua, na wasiotujua hawatapungukiwa na kitu. Naanzia humu chumbani, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mwaka ambao Ramadhani iliangukia kipupwe, miezi ya baridi yetu. Makame alikuwa mwoka mikate. Nyumba nzima ilinukia hamira kwa ajili yake. Ukikaa naye karibu utaona njaa hata kama umetoka kula sasa hivi. Alikuwa akienda tanurini kabla ya alfajiri na akirudi ana boflo moja ya moto kaitia ndani ya kanzu, kifuani, na mama yake, Bi Kazija, mavyaa wangu, kila siku humwambia kuwa ipo siku utababuka hapo tukupake samli. Tulikuwa na miezi michache tu ndani ya ndoa alipopata kazi ya jikoni kwenye meli ya moshi inayokwenda Ulaya. Watu walidhani ni shida iliyomtoa. Si shida. Alikuwa mtu wa kutaka kuona. Meli ikipita huko nje, watu wengine husema ile kubwa, ile ndogo, yeye husema, "Na hao nao sijui wanakula mkate wa nani." Hamu yake ilianzia hapo, kwenye mkate wa watu wengine.

Sasa lazima nieleze habari ya saa, maana vijana wa leo hawajui, saa zao zinajirekebisha zenyewe. Siku zile saa ya nyumba hapa mjini haikufuata redio wala serikali, ilifuata jua. Muadhini akitoa Allahu Akbar ya maghrib, mtu hupanda kigoda, hufungua kioo cha saa ya ukutani, huirejesha mishale yote miwili juu, kumi na mbili. Basi, siku imekwisha, nyingine imeanza. Kesho tena hivyo hivyo. Na wanaume pale barazani chini ya dirisha letu, wenye saa za mfukoni, adhana ikisikika tu utawaona wote wametia mkono kifuani kama watu walioumwa na kitu kimoja, wanazitoa, wanazizungusha, wanazirejesha, ndipo wanapoinuka kwenda kusali. Mimi nikiwa mtoto nilidhani ile ni sehemu ya udhu. Na mwanamme wa Unguja popote alipo, awe shamba, awe Pemba, awe chomboni, jua likizama huirejesha saa yake kumi na mbili. Haulizi. Ni kama kuvua viatu mlangoni.

Siku ya kuondoka Makame alikaa pale, ukingoni mwa kitanda, na saa yake mkononi, saa ya fedha iliyokuwa ya marehemu baba yake. Akanambia, "Mize, saa hii sitaigusa. Wenzangu huko watazigeuza zao kwa jua la watu, mie yangu naifunga hapa hapa nyumbani. Ikisema kumi na mbili ntajua umeshika tende, na mie ntashika." Ramadhani ilikuwa karibu, ndiyo maana akataja tende. Nikaona ni maneno mazuri tu ya mtu anayeaga, nikalia kidogo kama inavyopasa, nikamfungia tende ndani ya kikanda, akaondoka. Mimi kwa akili yangu ya wakati ule jua lilikuwa moja, na likizama hapa limezama, kama taa ikizimwa chumbani haiwi imezimwa kwako ikawaka kwa mwenzio. Mkataba wenyewe sikuuona una ajabu yoyote. Nilidhani watu wote duniani wanafuturu pamoja, sisi tumechagua tu kukumbukana.

Ramadhani ikaingia. Naiona mpaka sasa futari yetu, watu wawili tu, mimi na Bi Kazija, mkeka umetandikwa karibu na dirisha kwa ajili ya upepo, ingawa kipupwe upepo ulikuwa ukituuma tukajifunika kanga mbili mbili. Uji wa pilipili manga ndani ya bakuli la bluu, muhogo wa nazi, samaki wa kukaanga, na siku Bi Kazija akiwa na nguvu hupika kaimati za shira, moja yangu moja yake, ya tatu tunagombana. Mimi nikipanda kigoda kurejesha saa, kisha nikishuka nikitwaa tende mbili, moja nakula, ya pili naishika tu kiganjani mpaka maji yangu yameisha, ndipo naila. Bi Kazija hakuniuliza mpaka usiku kama wa nne hivi. Akasema, "Hiyo ya pili unamtafunia mwenzio?" Nikaona haya. Akasema, "Mtafunie. Huko aliko atakuwa hana hata meno, wanakula viazi tu." Na kuanzia siku ile yeye ndiye akizitoa tende chunguni, na kila mara huwa tende tatu, bila ya kusema kitu. Mavyaa wa namna ile siku hizi hawazaliwi. Alikuwa na ulimi mkali, alinitia adabu kwa mengi, nikiunguza mchuzi alinitaja mimi, mchuzi na kizazi kijacho. Lakini katika mambo ya moyo alikuwa mtu wa kutoa tende tatu akanyamaza.

Mwezi ukaandama, Sikukuu ikapita, mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukapita. Mfungo pili akarudi baharia mmoja akiitwa Songoro, mpiga makaa melini, mtu wa huku huku mtaani, mkubwa kwa Makame kwa miaka kumi au zaidi, aliyezoea kukaa huko Uingereza misimu mizima. Mji anaofikia yeye ndio aliokuwa amefikia Makame aliposhuka melini, mji wa bandari upande wa kaskazini wa nchi hiyo. Jina lake sijawahi kulitamka sawasawa, wenyewe mabaharia wetu wakiuita Shilzi, nami nauita hivyo hivyo. Alasiri moja Songoro akawa amekaa barazani chini ya dirisha letu, wanaume wamemzunguka, kahawa inazunguka, na mimi huku juu nachagua mchele kwenye ungo, masikio yote yako chini. Alikuwa na ufundi wa kusimulia. Alisema Shilzi kuna vichochoro kama vyetu, wanawake wanaanika nguo juu ya njia kutoka nyumba hii hadi ile na wanatetana madirishani, lakini nyumba zote sura moja, zimepangwa kama boflo kwenye sinia. Alisema samaki wanauzwa wa moto ndani ya gazeti. Alisema wanafikia nyumba ya Myemeni mmoja, chini wanalala, juu ndio msikiti. Na alisema habari ya jua. Wakati wa baridi, alisema, jua la kule linachungulia tu, adhuhuri na alasiri zinasukumana mlangoni, mara maghrib ishaingia. Lakini mwezi ule wa Ramadhani lilikuwa haliondoki. Watu wanasali isha nje bado kuna weupe. Mfungaji anakaa, anakaa, jua linamtazama tu. Barazani watu wakacheka wakasema basi huko daku na futari unakula kwa mkono mmoja.

Ndipo mtu mmoja akauliza, na Makame je? Songoro akasema mzima, hajambo, kanenepa. Kisha akashusha kikombe, na alivyokishusha ungo ukanitulia mkononi. Wakamwambia sema. Akasema hataki kuwa msengenyaji, na mtu akishaanza hivyo ujue atasengenya. Akasema, "Siku moja nimeingia chumbani kwake. Mwezi wa Ramadhani, alasiri, jua linawaka, watoto ndiyo kwanza wanatoka skuli wanapiga mpira njiani. Kakaa kitandani, kafungua kikanda, anakula tende. Mbele yangu. Tena kaisomea dua." Wakamuuliza dua gani. "Dua ya kufuturu," akasema. Mmoja akasema lahaula. Mwengine, mtu wa mzaha sana, akasema labda tende za kule zinaoza upesi, na wakacheka, lakini kicheko kifupi. Kula mchana wa Ramadhani ni jambo moja, mtu anaweza kushikwa na njaa. Kula na ukaisomea dua ya futari jua likiwa juu, huko ni kuifanyia dini kejeli. Nilitazama mchele nikaona sijui tena ipi chenga ipi punje.

Huu mji wetu ni mdogo, na ulikuwa mdogo zaidi. Nilipokwenda bombani kesho yake asubuhi nilikuta maneno yashateka maji kabla yangu. Kwetu mtu anayekula mchana wa Ramadhani huitwa kobe, kwa namna kobe anavyojificha ndani ya gamba lake akatafuna. Basi nikawa mke wa kobe. Si kwa kuambiwa usoni. Watoto wa njiani ndio waliokuwa wakitumwa na ulimi wa mama zao, nikipita wanavuta shingo ndani ya kanzu. Mwanamke mmoja, shoga yangu tena, akaniuliza kwa huruma kama Makame anavaa bado kofia au kashaacha. Nilirudi na ndoo nusu. Bi Kazija alikuwa kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, kanitazama, akaniambia niijaze ile ndoo, maji hayana kosa. Lakini usiku ule hakula.

Kufika Ijumaa akaja ami yangu, Ami Vuai, aliyesimama mahali pa baba. Nataka nimtendee haki. Hakuwa mtu mbaya, na sikupata baadaye rafiki kama yeye. Alikuwa na dada aliyeolewa na baharia, akangojea miaka, akazeeka akiangalia mlango, na Ami Vuai alikuwa kaapa kuwa hilo halitaingia tena kwenye nyumba yake. Tangu Makame aondoke alikuwa akinitazama kwa jicho la mtu anayesubiri mvua. Akakaa, akanywa kahawa, akasema na mimi taratibu. Mume akiwa mbali ni mtihani, akasema, na nilikuwa tayari kukuachia umsubiri. Lakini mume aliyeitupa dini si wa kusubiriwa. Tutakwenda kwa kadhi, ndoa itavunjwa, wewe bado kijana, utarudi nyumbani. Akalisema neno "nyumbani" kana kwamba hapa nilipokaa palikuwa stesheni. Bi Kazija naye alikuwa papo hapo. Mtoto alikuwa wake, aibu ilikuwa yake. Alishika pindo la kanga yake akawa analikunja na kulikunjua.

Mimi nilikuwa na jambo limenikwama tangu siku ya baraza, na sikujua nilitoe vipi mbele ya ami yangu, maana ni jambo la chumbani, la mtu na mumewe. Lakini nikaona hapa haya haitanisaidia. Nikamwomba Songoro aitwe. Akaitwa. Akaja akakaa kwenye ngazi, mimi nyuma ya pazia, Ami Vuai katikati yetu kama mzani, Bi Kazija jikoni anakuna nazi. Nikamsalimu, nikamuuliza, "Siku ile ulipomkuta anakula, alikuwa na saa yake?"

"Alikuwa nayo, shemeji. Kaiweka juu ya mto, mbele yake. Anaitazama kama anayengoja meli."

"Mishale ilikuwa wapi?"

Songoro akafikiri. "Juu. Yote miwili, imelaliana. Kumi na mbili. Nami nikamwambia, yakhe, saa yako imekufa, alasiri hii. Akanambia, haijafa, iko Unguja."

Nilisikia mbuzi ya nazi jikoni imesimama. Bi Kazija akatoka, mikono imejaa nazi, akaniangalia mimi, hakumwangalia mtu mwengine. "Tende ya pili," akasema. Kisha akakaa chini palepale mlangoni, akajifuta macho kwa kiwiko. Mwanawe hakuwa kaacha dini. Alikuwa akifuturu na sisi. Sisi huku tumekaa na bakuli letu la uji, muadhini kasema neno lake, na yeye huko, jua bado liko juu ya mabati ya watu na watoto wanapiga mpira, kaishika tende yake akasema bismillahi, maana saa ilisema Mize kashika. Nilimweleza ami yangu habari ya ahadi ile, maneno yote, mpaka neno la tende, uso wangu unawaka moto nyuma ya pazia. Na Songoro maskini akawa anapiga mapaja yake, anasema laiti ningeuliza, laiti ningeuliza.

Ami Vuai alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na mpaka leo naona alisema kweli, kuwa mapenzi ni mazuri lakini Mungu hakumwambia mtu afunge kwa jua la mkewe. Kamwambia afunge kwa jua lililo juu ya kichwa chake. Tukenda kwa maalim wa mtaa, yaani walikwenda wao wanaume, mimi nikaletewa maneno. Maalim alikuwa mzee mpole aliyependa kula, akafunga kitabu akasema: kama kijana yuko safarini ana ruhusa ya kula, na siku zile atazilipa. Kama hayuko safarini hana ruhusa, na siku zile atazilipa. Vyovyote atazilipa. Lakini hakuona hapo, akasema, kitu cha kumvunjia mtu nyumba. Ami Vuai akarudi akanambia uamuzi wake. "Nampa mpaka mwezi wa Maulidi, mfungo sita. Akizilipa kwa jua la huko huko, ntajua ni mtu aliyekosea. Asipozilipa, mfungo sita hautoki, nakuja kukuchukua. Na usinililie." Nikamwambia, "Naam, ami."

Maalim akaandika barua, Songoro akaipeleka mwenyewe, maana meli yake ilikuwa inarudi. Kabla hajaondoka alikuja kuaga pale ngazini, na alikuwa bado na majuto, anavuta vuta kofia yake. Alinambia jambo ambalo mimi nisingelijua hata ningeishi miaka mia. "Shemeji, mwambie mama asihuzunike. Mfungo sita mwaka huu unaingia kwenye baridi kali. Wakati huo jua la Shilzi linakimbia. Mie nimelihesabu kwa miaka, mie natoka zamu yangu ya makaa naliona linazama, na kwa saa ya huku, kama hiyo ya Makame, huwa ni kumi na mbili, kumi na mbili na kitu. Hatohitaji kuchagua." Nikamwambia nieleze tena. Akaeleza tena, kwa vidole vyake vyeusi, huku Unguja, huku Shilzi, viganja viwili, kipupwe viko mbali mbali, na kila mwezi vinasogeleana, mpaka wakati wa joto letu na baridi yao vikakutana. Alivikutanisha pale mbele ya uso wangu, akavishika hivyo kidogo, akaondoka.

Miezi ile ndiyo iliyonifanya mtu mzima. Sikukuu Kubwa ikapita, mfungo nne, mfungo tano, mvua za vuli zikaja zikanukia udongo mpaka ndani ya mashuka. Nilikuwa nikipanda kigoda kila maghrib, nikirejesha saa, na sikuwa tena na ile raha ya ujinga ya kudhani jua ni moja. Nilisimama pale juu, mkono kwenye mshale, nikijiuliza kwake sasa ni nini. Sasa anakanda unga? Sasa kuna weupe? Nilianza kumwona mume wangu kama mtu mwenye siku yake mwenyewe, asubuhi yake mwenyewe, njaa yake mwenyewe, si kivuli cha yangu. Mpaka siku zile nilikuwa nimempenda kama msichana anavyopenda harufu ya mkate. Watoto njiani wakaendelea kuvuta shingo mpaka wakachoka. Jibu la barua likaja mwishoni mwa mfungo tano, na maalim akalisoma barazani kwa sauti ili mji wote usikie, mimi dirishani. Makame hakuwa mtu wa maneno. Kasema anamsalimu mama yake na ami yangu na mimi. Kasema kakosea na kafahamu. Kasema atazilipa zote kuanzia mwandamo wa mfungo sita, kwa jua la huko. Basi. Ami Vuai akasema kuandika si kufunga.

Na mimi nikafunga. Mwanamke huwa na siku zake chache za kulipa kila Ramadhani, na mara nyingi tunaziahirisha, tunazisukuma mpaka karibu na Ramadhani nyingine. Mwaka ule sikuzisukuma. Mwezi wa mfungo sita ulipoandama nikanuia, na Bi Kazija, ambaye hakuwa na deni la siku hata moja, uzee ushamsamehe, akanuia vilevile, akasema anapenda tu kuona kaimati katikati ya mwaka. Mji ulikuwa kwenye shamrashamra za Maulidi, kila nyumba inanukia udi, kanzu zinapigwa pasi, na sisi wawili humu ndani midomo imekauka kwa joto la kaskazi, tunatazama saa ya ukutani inavyokokota. Na hapo ndipo Ami Vuai alipoingia, siku mbili kabla ya Maulidi, kanzu nyeupe, joho mkononi, kama mtu aliyekuja kwa jambo rasmi. Akapanda ngazi, akabisha hodi, akatukuta tumetandika mkeka na bakuli la bluu na tende.

Nikambusu mkono. Akauliza, "Mnafuturu? Mwezi gani huu?" Nikamwambia nalipa siku zangu, ami. Akageuza uso upande wa dirisha, kama wanaume wa zamani walivyokuwa wakifanya, yakitajwa mambo ya wanawake wanapata ghafla la kutazama nje. Nje jua lilikuwa limeshashuka ukutani kwa jirani, limebaki kipande kama cha leso. Akakaa nasi mkekani, maana ilikuwa haina adabu kusimama juu ya futari ya watu. Kisha akauliza, bila ya kunitazama:

"Na yeye?"

"Naye analipa, ami."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Songoro alinambia. Jua lake na letu mwezi huu ni moja."

Adhana ikasikika. Nikapanda kigoda, nikafungua kioo, nikarejesha mishale, na pale juu, kwa mara ya kwanza tangu Makame aondoke nilijua. Si kudhani. Nilijua kuwa huko Shilzi weupe unaondoka kwenye vile vichochoro vyao, na mtu kakaa ukingoni mwa kitanda, hana cha kuchagua, saa yake na jua lake vimepatana, anafungua kikanda. Dakika sijui. Huenda zilipishana kidogo, na sidai. Nikashuka. Na niliposhuka nikamkuta Ami Vuai, mtu mzito yule, kajikokota upande wa ukuta, kakusanya kanzu yake na joho lake mapajani, kaacha nafasi tupu kwenye mkeka kati yake na Bi Kazija, nafasi ya mtu mzima aliyekaa kitako. Akaisogeza sahani ya tende ikawa mbele ya ile nafasi. Akasema, "Haya, mkaribisheni basi. Tende zinangoja."

Habari ya kadhi haikutajwa tena, si siku ile wala maisha. Makame alirudi kabla ya Ramadhani iliyofuata, kanenepa kweli, na kofia kichwani. Alipanda ngazi hizi, akampa mama yake mkono, kisha kabla hajanipa mimi akatia mkono kifuani, akatoa saa, akaitazama ya ukutani. Zilikuwa zimeachana kidogo. Akairejesha yake. Nikamuuliza kama hakujua, kule, kuwa jua limekataa. Akasema alijua tangu siku ya kwanza, alijua vizuri, lakini kila ilipofika kumi na mbili aliniona mimi nimeshuka kigodani, na hakuweza kuniacha nile peke yangu. Alirudi tanurini kwake na hakwenda tena popote. Mikate ya watu wengine, alisema, haina chumvi.

Ramadhani hii iliyopita Makame alikuwa mgonjwa, hakuweza kufunga hata siku moja, na ilimuuma kuliko ugonjwa. Maalim wa siku hizi, kijana mwenye elimu nyingi, kanambia siku zile hazimdai, mgonjwa wa namna ile kasamehewa. Nikamwambia najua, mwanangu. Nazilipa tu. Ndiyo maana juzi mjukuu wangu aliponipigia simu nilikuwa nimekaa hivi, tende kiganjani. Akaniuliza tena, "Bibi, hujanambia. Huko saa ngapi?" Saa ya ukutani sasa hurejeshwa na mtoto wa jirani, mimi sipandi tena vigoda. Nikamtazama mtoto kwenye kioo, theluji yake, asubuhi yake, nikamwambia kumi na mbili. Kisha nikavuta kanga yangu, nikajisogeza kidogo upande wa ukuta.